Picha ya Baba, Askari wa Akiba

Mwaka 2018 sisi wa Afrika Mashariki na Kongo tulikodi ukumbi Joubert Park, huku Afrika Kusini, tuwakumbuke wazee wetu waliotumikia majeshi ya wakoloni katika vita vya Hitla. Picha zao zilipangwa mezani. Ya baba niliipeleka mwenyewe. Mwandaaji, kijana wa Kikenya anayefanya kazi benki Sandton, nilikuwa nimemwambia kwamba baba alipigana Burma.

Uongo huo niliusema tangu shuleni. Baba hakuvuka bahari. Alikuwa katika kikosi cha akiba cha Mwingereza, kambini Tanganyika, akiwafundisha makuruti kulenga shabaha na kuchimba mahandaki. Wakiiva, walipelekwa mbele kujaza nafasi za waliokufa. Yeye alibaki kupokea wengine.

Kutoka huko alirudi na tabia moja: hakumruhusu mtu asafiri kabla ya kumkagua kamba za viatu. Siku nilipoondoka kuja huku aliinama stendi, na uzee wake, mbele ya watu. Nikauvuta mguu.

"Baba, mimi si kuruti wako."

Hatukuonana tena.

Basi nilipoitwa niseme neno juu ya picha yake, niliitazama, Burma ikanishinda kuitamka. Nikaeleza ukweli wote.

Fundi cherehani mmoja wa Kikongo, ambaye baba yake alirudi kutoka vitani hana mkono, alicheka. "Papa, sasa mzee wako alipiganaka na nani? Na mbuzi ya kambi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kijana wa benki akanijia kwa adabu. "Mzee wangu, naomba tuitoe. Meza hii ni ya waliopigana."

"Waliopigana walifundishwa na nani?"

"Watu watalalamika, mzee."

"Walalamike. Aliyekufa kule, nafasi yake ilijazwa na mtu aliyetoka mikononi mwa kina baba. Na wale vijana aliowaaga wasirudi, unadhani aliwasahau? Ukiitoa picha hii, nitoe na mimi. Nami ni mzito."

"Eish, umuache," fundi akamwambia. "Huyu naye ni akiba. Hatoki kambini."

Wakacheka tena. Nami sikutoka. Nilisimama kando ya meza hadi shughuli ikaisha, magoti yakiniwaka moto, na kila mara yule kijana wa benki aliponitazama, nami nilimtazama. Picha niliichukua ya mwisho, wengine wote walipokwisha kubeba za kwao.