Sahihi ya Bibi Léocadie

Mimi ni mtu wa fomu. Kila siku naingia nyumba tano, sita hapa Fairfield, ughaibuni, nawaogesha wazee, nawapikia uji, kisha nawajazia makaratasi ya serikali, maana nchi hii bila fomu hata kufa hufi. Kwa hiyo msinionee huruma katika habari hii. Mwenye kosa ni mimi, Dorothea.

Bibi Léocadie ni mzee wangu wa Jumanne. Ni Mrundi wa miaka sabini na mitatu, na Kiswahili chake alikiokota ukimbizini Tanzania. Mumewe, Bigirimana, alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1972, huko kwao, askari walikuja kuwachukua waliojua kusoma na kuandika, naye hakurudi. Tangu hapo Bibi aliapa kwamba hatashika kalamu. Kambini, uwanja wa ndege, hata siku ya kupewa uraia, aliweka kidole gumba. Kila nilipomaliza kazi kwake nilikipaka wino wa biki, naye akakibonyeza kwenye karatasi yangu ya mahudhurio.

Uchaguzi ulipokaribia, magoti yake yakiwa hayamfikishi kituoni, nilimjazia fomu ya kuomba kura ya posta. Akaweka kidole, nikaituma.

Wiki iliyofuata aliniomba nimfundishe kuandika jina lake. Nikamtania: samaki mkunje angali mbichi, Bibi, na wewe umeshakauka. Hakucheka. Alisema hajawahi kupiga kura tangu azaliwe, na hiyo ya kwanza hataki kuipiga kwa kidole kama mtu anayejificha.

"Walimuua Bigirimana juu ya kuandika," alisema. "Mimi nitaandika, na hakuna mtu atakuja kunichukua."

Alijifunzia nyuma ya vipeperushi vya supamaketi. Jumanne moja nilikuta meza nzima imejaa Léocadie, wanene na wembamba, wengine wameanguka ubavu. Nilimpenda sana siku ile.

Bahasha ilipofika, nilikuwa shahidi wake. Alichagua peke yake chumbani, akarudi, akaandika jina lake chini ya kiapo kilichokuwa juu ya bahasha. Ilimchukua dakika nne, ulimi umetoka nje. Nikapiga vigelegele. Mtu wa fomu mzima, nimesimama nyuma yake, sikukumbuka kwamba ofisi ya uchaguzi ilikuwa na kidole chake tu, haina jina la kulinganisha nalo. Niliipeleka mwenyewe kwenye sanduku jekundu la posta.

Kanisani aliwatangazia wote kwamba amepiga kura. Kila Jumanne aliandika jina lake kwenye karatasi yangu, kisha akaniuliza kama kura yake imeshahesabiwa. Nilimjibu kwamba imehesabiwa. Nilijua nini mimi?

Barua ya ofisi ile ilikuja wiki saba baada ya uchaguzi. Alikuwa hajaifungua, alinisubiri, amefunga kilemba chake cha Jumapili. Ilikuwa barua ya adabu. Sahihi kwenye bahasha haikulingana na alama kwenye ombi, kwa hiyo kura haikuhesabiwa. Matokeo yalikuwa yameshatangazwa. Safari nyingine, tafadhali, atie sahihi ileile. Niliisoma mara mbili. Nilitaka kumdanganya, na uongo ulikuwa mdomoni tayari, lakini alikuwa ameshauona uso wangu.

Nilimweleza yote. Akauliza jambo moja tu.

"Na kidole, ingehesabiwa?"

Nilisema ndiyo, ingehesabiwa.

Hakulia. Niliyelia ni mimi, pale jikoni kwake, nikimwomba msamaha, naye akanipapasa mgongo kama vile kura iliyokataliwa ni yangu. Nilimwambia tutapiga simu, tutalalamika, na uchaguzi mwingine ni miaka mitatu tu. Alinitazama. Kwa mzee wa umri wake miaka mitatu si kitu cha kumwahidi mtu, nami nalijua hilo kuliko wengi, maana wazee wangu nawazika kila mwaka.

Muda wangu ulipokwisha nilimwekea mbele karatasi ya mahudhurio na kalamu. Alinirudishia kalamu mkononi, akaninyooshea kidole gumba.

"Paka wino, mwanangu," alisema. "Hii wanaijua."

Nikapaka, akabonyeza penye mstari, kisha akaniuliza kama chai yangu imepoa.