Alhamisi Zetu za Kudarizi na Kuulizana

Rafiki yangu, nakuandikia wewe kwa sababu najua hutanicheka. Mwandiko wangu ni wa masomo ya jioni, nilianza kushika kalamu nikiwa tayari na watoto wawili, kwa hiyo ukiona sentensi imepinda inyooshe mwenyewe uendelee. Nataka kukusimulia tulivyokuwa tunadarizi mashuka pale Shanwe, Mpanda, na tulivyokuwa tunaulizana maswali ya maisha huku tunashona.

Hatukuwa mafundi wa duka. Tulikuwa kina mama tunaopenda tu, kila mtu na shuka lake la nyumbani, au la binti atakayeolewa siku moja Mungu akijalia. Siku yetu ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana, barazani kwa Mwenyekiti. Huyo alikuwa mama wa Kikonongo, mjane, mrefu, haongei sana. Siku yangu ya kwanza nilimpelekea shuka langu lenye waridi moja kubwa jekundu. Nilikuwa nimelishona wiki tatu na nilitegemea sifa.

Hakuliangalia ua hata kidogo. Aligeuza shuka, akaangalia nyuma. Ni hivi: mtu asiyejua kudarizi anaacha mafundo upande wa chini, na uzi wake unaruka kutoka jani hili kwenda jani lile bila kukatwa. Mbele pazuri, nyuma vurugu tupu.

"Mbele kila mtu anapendeza," aliniambia. "Fumua yote, mwanangu, anza upya."

Nikafumua. Nilirudi nyumbani nalia, lakini Alhamisi iliyofuata nilikuwepo.

Kazi yenyewe ilianzia kwa Mchoraji. Huyu ndiye aliyekuwa na karatasi za maua. Anaweka karatasi ya kaboni juu ya shuka, juu yake anaweka ile yenye picha, anapitisha kalamu polepole, ua linabaki kwenye shuka kwa mistari ya bluu. Alikuwa Muislamu peke yake kwetu. Tukianza na sala yeye alitulia, na mwisho aliitikia amina kwa sauti kuliko sisi. Baada ya kuchora unabana kitambaa kwenye fremu, yaani duara mbili za mbao, moja ndani ya nyingine, kisilegee. Mashina unayashona kwa mshono wa mnyororo. Majani na petali ni mshono wa kujaza, nyuzi zinalala karibu karibu mpaka huoni shuka chini yake. Petali moja ya waridi, ukiishona vizuri, inakula kama nusu saa.

Hiyo nusu saa ndiyo ilikuwa siri yetu. Mwenye swali analisema mara moja, halafu ananyamaza. Hakuna wa kujibu mpaka amalize petali aliyoianza. Mwenyekiti alisema jibu la haraka linatoka mdomoni tu. Na ukijibu, ruhusa huna ya kusema fanya hivi wala usifanye vile. Unasema tu ulichofanya wewe lilipokupata: mimi nilifanya hivi, ikawa hivi. Kama jambo hilo hujalipitia, unasema "halijanifika," unaendelea kushona.

Nyie mnaosoma leo mna simu, mnauliza kwenye magrupu watu msiowajua na mnajibiwa kabla hamjamaliza kuuliza. Sisemi ni vibaya. Nasema sisi tulifanya vile.

Tatizo langu lilikuwa moja. Mimi nilikuwa miongoni mwa wadogo, na mume wangu ni mtu mpole wa nyumbani. Wakiuliza habari ya wakwe, halijanifika. Wakiuliza habari ya kiwanja kilichoingiliwa na jirani, halijanifika. Mpaka Mchoraji akanipa jina, Mama Halijanifika, na wote wakaniita hivyo kwa kunitania. Nilicheka nao. Lakini moyoni niliona kama nakaa pale bure.

Sasa, rafiki yangu wa karibu kwenye baraza lile alikuwa Esperansia. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, yeye amezaliwa hukuhuku, Kiswahili chake kizuri lakini akikasirika anasema "oya" badala ya hapana. Mume wake Bonifasi alikuwa amekwenda Ikola, ziwani, kuvuta nyavu za dagaa. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Halafu simu ikakatika. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, haipatikani.

Alhamisi hiyo Esperansia aliuliza. Alisema mume wake kanyamaza wiki tatu, ana watoto wawili wadogo, amfuate au amsubiri? Tukashona. Tulisikia kuku wa Mwenyekiti wakiparua.

Mwenyekiti alimaliza wa kwanza. Akasema mume wake aliponyamaza yeye alimfuata, akamkuta anaumwa. Mchoraji akasema yeye alimtuma kaka yake. Ikafika kwangu, na wote walikuwa wanangoja neno langu lile lile, nikaona Mchoraji ameshaanza kutabasamu.

"Mimi nilisubiri," nikasema. "Mwezi mmoja na nusu. Akarudi mwenyewe, na mkate mkononi."

Mume wangu hajawahi kulala nje ya nyumba zaidi ya siku tatu, na hizo zilikuwa za msiba. Hata ule mkate sijui niliutoa wapi. Lakini hakuna aliyelitilia shaka. Sisi hatukuwa na desturi ya kudanganyana, kwa hiyo hakuna aliyejua kukagua. Mwenyekiti alinitazama kama mtu mzima mwenzake. Nikajisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Esperansia alichagua jibu langu. Baadaye aliniambia kwa nini: aliogopa kufika kule akamkuta na mwanamke mwingine, na langu ndilo lilimruhusu kukaa. Kila Alhamisi alikuwa ananiuliza ilikuwaje wiki ya nne, ilikuwaje ya tano, nilikuwa nakula, nilikuwa nalala? Na mimi naongeza uongo juu ya uongo. Alikonda nikimwona.

Wiki ya tano mama mmoja muuza dagaa alileta habari. Bonifasi amelala chumbani kwa watu Ikola, mguu umevunjika tangu boti ilipomtelezea wakati wanaivuta nchi kavu, na simu ilizama siku hiyohiyo. Alimtuma dereva wa lori aje kumwambia mke wake. Yule dereva hakufika. Bonifasi akadhani ujumbe umefika na mke hakuja, sasa anawaambia watu kwamba mke amemkataa, na akipona hana haja ya kurudi Mpanda.

Siku hiyo tulianza na sala kama kawaida, na mimi sikuweza kusema amina. Nikasimama na fremu mkononi nikawaambia yote. Mume wangu hajawahi kuondoka. Sijawahi kusubiri. Hakuna mkate.

Esperansia alikuwa katikati ya petali. Aliendelea kushona, sindano inaingia inatoka, mpaka akaimaliza, akakata uzi kwa meno.

"Utanibebea mtoto mdogo," akasema bila kuniangalia. "Basi la Ikola ni asubuhi."

Mwenyekiti akaniambia jambo moja tu, akiniita kwa jina la mwanangu: "Haya, Mama Lazaro. Limekufika."

Tulisafiri kesho yake, mimi na mtoto wake mdogo mapajani, yeye na yule mkubwa. Ikola tulielekezwa, tukapita kati ya dagaa walioanikwa mpaka kile chumba. Bonifasi alipomwona mke wake aligeukia ukutani. Esperansia akasimama mlangoni tu, machozi yanatoka, hajitetei. Nikaona ni kazi yangu.

"Shemeji," nikasema, "mkeo hakupata ujumbe wako. Alitaka kukufuata tangu wiki ya tatu. Mimi ndiye nilimdanganya asubiri."

Akauliza, bado anaangalia ukuta, "Wewe ni nani?"

"Mama Lazaro."

"Yule Mama Halijanifika?"

Esperansia alikuwa amemsimulia habari zetu zote. Nikajibu ndiyo, ni mimi. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na anavyocheka mguu unamuuma, na anavyoumia anazidi kucheka. Mke wake akaingia ndani, akakaa kitandani. Mimi nikatoka na watoto, nikaosha sufuria zote za nyumba ile na za jirani.

Bonifasi alirudi Mpanda. Anachechemea mpaka leo. Lakini Esperansia hakunisamehe kwenye basi kama unavyofikiri. Mwenyekiti aliamua nije kila Alhamisi, nishone, nisijibu swali lolote, hata lile neno langu nisiliseme, mpaka Esperansia mwenyewe aniulize. Nikakaa hivyo msimu mzima wa mvua. Nilidarizi shuka zima la mabua ya mtama, nyuma safi kama mbele, na hakuna aliyenisemesha habari ya maisha.

Siku moja, Esperansia akauliza habari ya mtoto wake wa kwanza, ameingia darasa la kwanza na bado anakojoa kitandani. Tukaanza kushona. Kisha akaongeza, "Nataka jibu la Mama Lazaro."

Ndugu yangu, hilo lilikuwa limenifika. Lazaro alinilowanishia godoro mpaka darasa la tatu. Nikamaliza petali yangu, nikaeleza yote: nilichapa haikusaidia, nikaacha kuchapa, nikawa namwamsha, nikafunga na kuomba, na ilipoacha iliacha yenyewe. Mchoraji alicheka mpaka akadondosha fremu. Esperansia aliniangalia machoni, mara ya kwanza tangu Ikola.

Baada ya hapo nilifundisha kina mama kule Kasekese miaka miwili, mume wangu alipohamia shambani, nikarudi Shanwe na kurithi karatasi za Mchoraji macho yake yalipochoka. Mwaka huu na yangu yamechoka. Kutunga uzi kwenye sindano kunanishinda, nikaona niachie wenzangu. Nina miaka arobaini na kitu, si mzee wa kustaafu, lakini petali hazidanganyi. Bado nakwenda Alhamisi. Nakaa kwenye jamvi, nawageuzia mashuka wasichana wapya, naangalia nyuma kwa vidole.

Wakiuliza swali ambalo silijui, nasema sijui. Na akiuliza mmoja wao afanye nini baada ya kumpoteza mwenzake kwa mdomo wake mwenyewe, hapo nina la kusema, ni langu, sikuliazima kwa mtu. Mimi nilisimama nikasema, nikabeba mtoto, nikanyamaza mpaka niliyemkosea akaniita.

Esperansia amesoma karatasi hizi kabla yako, akasema hajakasirika, ila nimesahau kuandika kwamba mguu ni wa kushoto. Basi ni wa kushoto. Ukimaliza usiziweke kabatini. Mpe mwanamke mwenzako anayeshona, anayefuma, hata anayesuka ukili, akisoma naye ampe mwingine.