Yoga mbele ya mama mkwe

Jamani, leo mama mkwe kanikuta nimesimama kwa mguu mmoja!

Nilikuwa uani hapa Kitangari, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, nafuata video ya yoga. Pozi la mti: mguu mmoja chini, wayo wa pili pajani.

Wiki nzima nilikuwa nayumba kwa maumivu. Leo nikabadilisha mguu wa kusimamia, nikatulia tuli. Nikafumba macho kwa raha.

Kufumbua, mama mkwe huyo hapo, kaja kutoka Mnyambe na kikapu kichwani.

Na mkwe huwezi kumwamkia umesimama wima. Lazima upige goti.

Nikapiga goti huku mguu mwingine bado uko juu.

"Shikamoo ma..." Puu! Nikaangukia mihogo niliyoanika.

"Marahaba. Pole, Mama Latifa. Umechomwa na mwiba?"

Yoga ningeanzia wapi kuieleza? Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akatua kikapu, akachomoa pini kwenye mtandio, akaukamata ule wayo niliokuwa nimeuinua.

Nikajua leo naumbuka.

Jamani, si akautoa! Mwiba wa kweli!

Chekeni tu. Wiki nzima nasimamia mwiba, maumivu yote yale nikidhani ndiyo yoga yenyewe.