Magadi Kwenye Betri

Niliagwa nyumbani kwetu Endamarariek mchana kweupe, chini ya taa ya umeme, wakati kijiji kizima hakikuwa na hata nguzo moja ya umeme. Wanangu wanadhani naipamba hadithi hii. Siipambi, wala sina haja ya kuipamba. Chanzo chake ni baba yangu, mtu wa maneno machache mpaka umguse kwenye betri yake.

Baba alikuwa dereva wa mama mmoja wa Kizungu aliyekuja Ngorongoro kuchunguza fisi. Kazi yao ilikuwa kuwafuata fisi ndani ya kreta na kunasa sauti zao kwa mashine iliyohitaji umeme wa nyumbani. Umeme huo ulitoka kwenye kisanduku cha kijivu kilichofungwa ndani ya gari, wakikiita inveta. Upande mmoja unaunganisha betri ya gari, upande wa pili unatoka umeme kama wa ukutani mjini. Uchunguzi ulipokwisha, mwishoni mwa miaka ya sabini, yule mama aliwagawia wafanyakazi vitu vyake. Wengine walipata makoti na masufuria. Baba alirudi nyumbani na inveta, betri, balbu moja na mashine ndogo ya santuri, akiwa na hakika kwamba wenzake wamepunjika. Mama yangu, ambaye sufuria lake kubwa lilikuwa limetoboka, alikuwa na mawazo tofauti kuhusu nani kapunjika.

Inveta iliwekwa sebuleni juu ya stuli, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Betri ilikaa kwenye ubao, maana baba aliamini ikigusa sakafu ya udongo inanyonywa nguvu. Ikiisha chaji ilipanda trela la trekta la jirani mpaka gereji moja ya Karatu yenye jenereta, na baba anaisindikiza kama mgonjwa. Ikirudi, tunawasha taa Jumapili baada ya ibada, tunasikiliza santuri moja au mbili, halafu waya zinachomolewa. Kusoma tulisomea kibatari. Mama aliiita ile balbu taa ya kutazamwa.

Lakini baba aliitunza, hilo lazima niseme. Alikinga maji ya mvua kwenye beseni safi la enameli, akayahifadhi kwenye chupa, na kila baada ya muda anafungua vifuniko vya betri na kuongeza kidogo. "Inakunywa," alikuwa anasema. Na vile vichwa viwili vya kufungia waya vikiota uchafu mweupe wenye ukijani, alivimwagia maji ya magadi. Uchafu unatoa povu, unalainika, anaufuta, anapaka mafuta ya mgando. Mama alikuwa anayaona haya yote akiwa anapita na kazi zake. Naomba mkumbuke kwamba alikuwa anaona tu, hakuna aliyemweleza.

Nilipochumbiwa na bwana mifugo aliyefanya kazi huko juu Ngorongoro, akichanja ng'ombe wa wafugaji, baba alisimama mbele ya watu nje ya kanisa na kusema, "Binti yangu ataondoka nyumbani kwenye mwanga wa umeme." Kwa mtu ambaye hakuzoea kuhutubia, hiyo ilikuwa hotuba. Habari ikasambaa. Watu wa kijiji cha Daa, ambao sikumbuki kama tuliwaalika, wakaleta salamu kwamba watafika. Mimi nilijifanya sijali. Moyoni nilikuwa naitaka taa ile kuliko nilivyolitaka gauni. Nilikuwa binti yake wa kwanza kuondoka, na sikuwahi kumsikia akinisifu wala kusema atanikumbuka. Taa ndiyo kauli aliyokuwa nayo, nami nilitaka isemwe.

Tatizo lilikuwa saa. Mume wangu alitakiwa kunipeleka kazini kwake siku hiyohiyo, kwa Landrova aliyoazimwa na ofisi yake pamoja na dereva, na geti la kuingilia hifadhini linafungwa jioni. Kwa hiyo sherehe ingekuwa mchana, na taa mchana ni kichekesho. Baba hakukwama hapo. Aliamua kuziba madirisha ya sebule kwa mablanketi, watu waingie kwa makundi, waone.

Siku chache kabla ya harusi akaijaribu. Balbu ikawaka kwa uvivu, nyekundunyekundu. Baba akanuna, akasema betri imechoka, haina hamu ya kazi, akapanda baiskeli kwenda kuuliza gereji. Mimi nilikuwa kwa jirani nasukwa nywele. Mama akabaki peke yake na betri.

Sasa, kwetu magadi ni dawa ya mambo mengi. Yanakuja kwa punda kutoka pande za Engaresero, Wamasai wanatuletea, sisi tunawapa mahindi. Makande yakiwa magumu unatia magadi. Ng'ombe akikosa hamu ya kula unamlambisha magadi, na kesho yake anakutafuta mwenyewe. Mama alifikiri kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri. Kitu hiki kinakunywa. Kimechoka. Hakina hamu. Na kwa nje kimekwisha kuonyesha kwamba magadi yanakifaa. Akakoroga, akafungua vifuniko, akakinywesha, kila tundu kwa zamu yake.

Baba aliporudi akaunganisha waya. Balbu haikutoa hata ule wekundu. Alirudia mara kadhaa, akageuza waya, akapuliza vumbi. Mama akaingia na chai.

"Ipe muda," alisema. "Dawa bado haijaingia."

"Dawa gani, mama?" baba akamuuliza.

"Magadi. Nimeipa kidogo tu. Imekubali vizuri, imetoa povu mpaka juu."

Baba alimtazama, akaitazama betri. Maji ya betri yanafanya kazi kwa ukali wa asidi yake, na magadi ndiyo yanayoua ukali. Hilo alilijua, kwa sababu ndiyo maana alikuwa anasafishia nje. Nilisimama mlangoni na nywele zangu nusu, nikingoja nyumba ilipuke. Alitoka, akaenda kusimama zizini kati ya ng'ombe, akakaa huko muda mrefu. Mama aliketi na ile chai mkononi, akaniuliza kwa Kiiraqw kama amefanya vibaya. Nikamwambia ndiyo, aayo, mama yangu, umefanya vibaya kidogo. Akalia, na mimi nikalia, kila mmoja na sababu yake.

Betri nyingine haikuwapo. Miaka ile hata sabuni ilikuwa inatafutwa, sembuse betri ya gari. Baba alizunguka kwa wenye matrekta, na wote walikuwa na sababu nzuri. Siku ya harusi aliamka akavaa suti yake, akatundika mablanketi madirishani vilevile. Sikuelewa. Nilidhani kichwa kimemchoka.

Tuliporudi kutoka kanisani mimi na mume wangu kwa ile Landrova, watu wamejaa uani, vigelegele vinapigwa, baba alitupita kama hatuoni. Alikwenda moja kwa moja kwa dereva.

"Karibu sana, kijana. Betri yako ni ya volti kumi na mbili?"

"Ndiyo, mzee."

"Usizime gari. Njoo nalo huku dirishani."

Dereva akamtazama mume wangu. Mume wangu, ambaye alikuwa mkwe kwa muda wa saa moja hivi, hakuwa na namna ya kukataa. Gari likapita juu ya mboga za mama, pua yake ikagusana na ukuta. Boneti likafunguliwa, waya zikaingizwa chini ya blanketi, baba akaingia ndani, na tukasikia inveta imeanza kuunguruma. Mstari wa mwanga ukaonekana chini ya mlango. Mama alipiga kigelegele kimoja kirefu kuliko vyote vya siku ile.

Nilikalishwa ndani, chini ya balbu, mume wangu pembeni, na santuri inazunguka. Watu wakaingia kwa makundi, wanatoka jua kali wanaingia gizani, halafu wanaona. Wengine walivua kofia kama wako ibadani. Mzee mmoja wa Kimasai, ambaye mume wangu alikuwa anamtibia ng'ombe, aliizunguka balbu akiichunguza.

"Moshi wake uko wapi?" akauliza.

"Uko nje, kwenye gari," baba akamjibu, na yule mzee akatoka kwenda kuuangalia, akarudi ameridhika.

Mume wangu alipopewa habari ya magadi, alimgeukia mama na kumwambia kwa heshima zote, "Mama, angekuwa ng'ombe ungemponya." Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo nilipojua nimeolewa na mtu mwema. Nilikuwa na furaha siku ile, furaha ya kweli, ya kuonekana.

Makundi yakaisha. Dereva akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee, petroli inakwenda. Na geti."

"Bado watu wa Daa," baba alisema.

Watu wa Daa walikuwa wameshaingia, wameshakula, wengine wamelala kivulini. Baba aliwaita tena. Wakaingia kwa adabu, wakaangalia balbu ileile. Akageuza santuri upande wa pili. Kisha akawaita akina mama wa jikoni, waliokwisha kuingia zamani. Kisha watoto. Mume wangu akasimama, akasema polepole, "Baba, geti litafungwa."

"Litafunguliwa kesho," baba akasema bila kumtazama. Alikuwa anarekebisha sindano ya santuri isiyohitaji kurekebishwa.

Mama alikuwa ameegemea mlango. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akawatoa watu wote nje, mume wangu pamoja nao. "Mwacheni achomoe vitu vyake," alisema. "Vina hatari." Akafunga mlango. Tukabaki baba na mimi, na santuri inaimba.

Aliinua sindano. Akasimama chini ya taa, mikono imening'inia, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza siku ile, kuanzia shela mpaka viatu. Nilidhani atasema kitu. Akakohoa, akagonga ukuta kumpa dereva ishara. Huko nje waya zikatolewa.

Giza likaingia palepale. Mablanketi yalikuwa mazito, hata mkono wangu sikuuona. Na ndani ya giza lile nilimsikia baba yangu analia. Hakulia kwa sauti, alikuwa anavuta pumzi zinakatika, karibu nami kabisa. Nikanyoosha mkono nikapata mkono wa koti lake, nikaushika. Hakuutoa. Tulisimama hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeharakisha kutafuta dirisha.

Halafu aliliinua blanketi mwenyewe, jua la alasiri likaingia, naye alikuwa amenipa mgongo anakunja waya.

"Haya," alisema. "Nenda, mama."

Gari lilikuwa bado linanguruma pale kwenye mboga. Tangu lilipofika nyumbani kwetu lilikuwa linangoja taa, na sasa lilikuwa linaningoja mimi.