Kwa Picha Tu

Akidor alizungumza Kiturkana na mama yake, Kiswahili na watu wa serikali, Kiingereza na watu wa mashirika. Katika mji wa Lodwar, hilo lilikuwa sawa na kuwa na kisima uani. Alizaliwa upande wa Lokori. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wa baba yake, familia ilihamia kando ya barabara ya Kakuma kufuata chakula cha msaada, na mapadri wakamchukua msichana shuleni kwa sababu alikuwa mwepesi wa kushika maneno. Baada ya kidato cha nne alikodi chumba cha mabati nyuma ya soko la Lodwar, na tangu hapo mgeni yeyote aliyetaka kuwauliza Waturkana jambo, aliliuliza kupitia kinywa chake.

Maneno ya wengine aliyabeba kwenda na kurudi. Haja yake mwenyewe ilikuwa moja: kufika ng'ambo. Watu wa Lodwar wakipanda basi la Kitale husema wanakwenda Kenya. Akidor alikuwa amekwisha kufika Kenya. Alitaka kuipita.

Baba yake alifariki mwanzoni mwa kiangazi, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita. Mama yake, Akiru, alinyoa nywele, akavua shanga zilizokuwa zimeifunika shingo yake tangu usichana, akazitia katika mfuko wa ngozi na kuutundika ndani ya kibanda. Shingo ile ilitokea nyembamba, yenye rangi nyingine, kama mahali palipohamishwa jiwe.

Katika ukoo wa marehemu, mjane mwenye shingo tupu haguswi. Mifugo hukaa palepale mikononi mwake mpaka mwanawe wa kiume alete maksai na kumchinja. Hapo mjane huvaa shanga zake, msiba umekwisha, na urithi hugawanywa mwana akiwapo kutetea fungu la mama yake. Mwana wa Akiru, Nabei, alikuwa mbali, Nadapal, mpakani, akifanya vibarua ili apate maksai huyo. Basi Lokiru, mdogo wa marehemu, hakuwa na la kufanya ila kungoja. Alikuja siku nyingi, akaketi juu ya kigoda chake, akawatazama mbuzi, kisha akaitazama shingo ya shemeji yake.

Ndipo akaja Profesa Verhoef. Alikuwa mama wa Kiholanzi, mrefu, masikio yameungua kwa jua, aliyekuja Nairobi katika mkutano wa wataalamu wa maeneo kame. Alikuwa amesoma makala yake, akapigiwa makofi, na sasa zilibaki siku chache za kutembea kabla ya ndege. Mwenyeji wake, Daktari Mukhwana wa chuo kikuu kimoja, alimleta Turkana. Walianza na ziwa: wakaenda Longech kuona samaki wakikaushwa na mamba wakiota jua. Siku iliyofuata walishika njia ya Kakuma, na Akidor akakaa kiti cha nyuma kuwatafsiria.

"Mwaka ujao mkutano ni kwao, Uholanzi," Daktari alimwambia, akigeuza shingo. "Tutahitaji mtu wa huku, dada. Si lazima awe na digrii. Nitataja jina lako."

Akidor alitazama nje ili asionekane anavyotabasamu.

Kakuma haikumpendeza mgeni. Jua lilikuwa kali, vumbi jeupe, na katika kambi ya wakimbizi watu walikuwa wamechoka kutazamwa. Abuk, mama wa Kidinka aliyeuza chai karibu na mto mkavu wa Tarach, alipoona kamera alijifunika uso kwa kanga.

"Mwambie mimi napigwa picha ya kadi ya chakula," alisema. "Hiyo moja inatosha. Kama anataka chai, chai iko."

Profesa alicheka, akaomba radhi, akanywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Lakini njiani kurudi alinyamaza, na Daktari akaona siku inaharibika.

"Si ulisema kwenu ni hapa kando ya barabara?" akamwuliza Akidor. "Tupite tumsalimie mama."

Angeweza kusema mama hayupo. Alimwonyesha dereva pa kukata kona.

Akiru alitoka kibandani akiwa ameinama. "Ejoka," alisema, akapokea mikono yao, na tumbaku aliyopewa na Profesa. Lokiru alikuwa juu ya kigoda chake, kama kawaida. Profesa alimtazama mama kwa upole, akamwuliza Daktari kwa Kiingereza: wanawake wa huku hawavai tena shanga?

"Wanavaa, wanavaa!" Daktari akamgeukia Akidor. "Mama hana zake?"

"Anazo. Lakini Daktari, mama ana msiba. Baba alifariki. Amezivua."

"Aisee, pole sana dada. Pole kabisa." Alisimama kidogo, akapangusa jasho. "Lakini ni kwa picha tu. Akishapigwa, anavua. Ni kwa picha tu."

Profesa aliuliza wanasema nini.

"Mama anaona haya," Daktari akamjibu kwa Kiingereza. "Binti anambembeleza."

Akidor alisikia. Kiingereza cha kumsahihisha alikuwa nacho, sentensi fupi, maneno manne au matano. Mama wa Kiholanzi angeinamisha kichwa, angeomba radhi kama alivyomwomba Abuk, na gari lingeondoka. Lakini Daktari angeaibika mbele ya mgeni wake, na mtu aliyeaibika hataji jina la mtu.

"Huyu anasema nini?" mama akauliza.

Akidor alilitafuta lile neno katika Kiturkana. Kuvaa kulikuwapo. Picha ilikuwapo, neno la kuazima. Ile "tu" ndiyo iliyomshinda. Namna ya kusema "peke yake" ipo, lakini haifanyi kazi hiyo. Haiwezi kulifanya jambo lililotendeka lisiwe limetendeka.

"Wanaomba uvae shanga, wakuone."

"Wanaomba wao? Au unaomba wewe?"

"Mimi, mama."

Akiru alimtazama kwa muda, kisha akaingia ndani. Alipotoka, shanga zilikuwa zimepanda hadi kidevuni, nyekundu na buluu, na kichwa kimenyooka kwa sababu haziruhusu kichwa kuinama. Lokiru ndiye aliyeinuka kusaidia. Alimfukuza mbuzi aliyekuwa anaharibu picha, akasogea pembeni, akangoja mpaka kamera ilipomaliza kulia.

"Shemeji," alisema, "umependeza."

Mama alizivua kabla vumbi la gari halijatulia. Lakini Lokiru alikuwa amekwisha kuondoka kuwaita wazee.

Walipoketi, Akidor alifika kutoka Lodwar kumtetea mama yake. Aliwaeleza wazee habari ya mkutano, ya wageni, ya kamera. Alisema mama hakumaliza msiba, alivaa kwa picha tu, na ile "tu" aliitamka kwa Kiswahili.

"Shanga zile zilikuwa za wageni?" mzee mmoja aliuliza.

"Hapana. Zake."

"Na shingo?"

"Yake."

"Basi amevaa. Nani alimwambia avae?"

Akidor aliitazama shingo ya mama yake, na hakuna aliyerudia swali.

Waligawa siku hiyohiyo, mwana hayupo. Lokiru aliondoka na mbuzi karibu wote. Nabei alirudi miezi baadaye akimsukuma maksai mwekundu, akakuta ua wa miiba mtupu.

"Nimechelewa, mama?"

"Hukuchelewa," Akiru alisema. "Mimi ndiye niliyewahi."

Mkutano wa Uholanzi ulifanyika. Akidor alipata habari zake kwa dereva mmoja wa shirika, kwamba Daktari alikwenda, akarudi na koti zuri.

Akiru sasa anaishi Lodwar, katika chumba cha mabati cha binti yake, shingo tupu, mfuko wa ngozi juu ya msumari. Kiswahili hajajifunza, isipokuwa maneno matatu. Wageni wakija kumwita Akidor akatafsiri, mama huyauliza kutoka kitandani. Akidor akimletea chai, akimfunika shuka, akimwambia pole kwa joto, mama humtazama vilevile na kuuliza:

"Kwa picha tu?"