Siku Tuliyoamua Kumwogesha Mtoto

Binti yetu alikaa duniani wiki mbili kabla hajaogeshwa. Si kwamba maji yalikosekana. Mwezi ule bomba la mtaani kwetu Rugenge lilitoa maji karibu kila asubuhi, na bidoni zetu tano zilikuwa zimejaa, zimepangwa ukutani. Tuliogopa tu.

Kabla yake mimba mbili zilikuwa zimetoka, ya pili ikiwa na miezi mitano. Kwa hiyo huyu alipozaliwa mzima, analia, ana kucha zake kumi, tulimpokea kama watu waliokabidhiwa yai wavuke nalo mto wenye mawe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mke wangu ni mshonaji, ana cherehani yake kwenye baraza ya duka moja kule Kimanga. Watoto wa wenzetu tulikuwa tumewabeba wengi. Huyu wetu hatukujua tumshikie wapi.

Mama yangu alikwisha kufariki. Mama mkwe anaishi juu milimani, Bijombo, na mvua za msimu ule zilikuwa zimeharibu njia, akatuma habari kwamba hataweza kushuka mpaka kukauke. Tukabaki sisi wawili na neno moja la muuguzi wa maternite, pale mke wangu alipojifungulia, alilotuambia siku ya kutoka: "Kitovu isilowe maji." Tulilishika neno hilo kama amri. Tukaona njia iliyo salama zaidi ni maji yasimguse mtoto kabisa. Tulimpangusa kwa kipande cha kitenge kilichochakaa, kilicholowanishwa kidogo kwa maji ya kuchemshwa. Halafu kipindupindu kilikuwa kimeanza tena katika mji wetu huu wa kando ya ziwa, na mke wangu hakuyaamini maji yoyote ambayo hakuyaona yakichemka kwa macho yake.

Siku ya nane kitovu kilidondoka. Tukasema tungoje kidonda kikauke. Kikakauka. Tukasema tungoje mvua zipungue. Wakati huo maziwa yalikuwa yanaingia kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto na kubaki humo, ngozi ikawa nyekundu. Jumamosi moja asubuhi mke wangu alimwinua begani, akanusa, akanitazama.

"Papa, mutoto ananuka."

"Basi tumuoshe leo," nikasema.

Tulijiandaa kama watu wa upasuaji. Maji tuliyachemsha mara mbili. Tulifunga dirisha, tukaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kitenge ili upepo usipenye, kisha nikaingiza chumbani mbabula, jiko letu la mkaa, makala yamekolea vizuri, ili hewa iwe na joto. Mimi ndiye niliyelileta wazo hilo la mbabula, na nililionea fahari. Mke wangu akamvua mtoto nguo, akamlaza kitandani juu ya taulo. Mtoto akalia.

"Weye shika kichwa, minye nitamwanga maji," mke wangu akasema.

"Minye naogopa kichwa. Shika weye."

"Basi shika miguu."

"Miguu itateleza."

"Haiyalowa bado. Itateleza namna gani?"

Nilikuwa nimenunua kipimajoto cha homa kwenye famasi. Nikakitumbukiza ndani ya basini ya maji ya kumwogeshea. Kikaandika herufi badala ya namba, maji yamekizidi joto. Tukaongeza maji ya baridi, kikaandika herufi nyingine. Tukaongeza ya moto. Basini ikajaa, tukapunguza, tukaanza upya. Tulipima na kupima karibu saa nzima, jasho likitutoka, na hatukuwa tumemgusisha mtoto hata tone moja.

Mke wangu akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kichwa inaniuma," akasema. Changu pia kilikuwa kinagonga, lakini nilidhani ni wasiwasi. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Amelala kimya, mikono imelegea, na sisi tukafurahi. Nakumbuka nilimwambia mke wangu, "Unaona? Anapenda joto." Neno hilo bado linanirudia mara nyingine nikiwa darasani, nimeshika chaki.

Mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yetu, mama wa watoto saba, Mrundi wa kwenye bonde la Ruzizi, aliyekuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, kila asubuhi na kutuletea fungu lililobaki. Alisukuma mlango, kitenge kikauzuia, akasukuma tena. Akasimama pale mlangoni.

"Munafanya nini humu?"

"Tunaosha mutoto," nikajibu.

Aliitazama mbabula, akalitazama dirisha. Hakubishana na mtu. Aliweka sombe chini, akavuka basini, akamchukua mtoto pale kitandani, akamfunika kwa kitenge chake na kutoka naye. Akiwa nje ndipo aliposema, bila kupandisha sauti, "Mutoke. Wote wawili."

Nilipoinuka miguu haikunisikia vizuri. Tulitoka tumeshikana. Nje kulikuwa na upepo wa ziwani, na mke wangu alitapika kando ya ukuta. Mimi nilikuwa namtazama mtoto tu mikononi mwa yule mama. Alikuwa amemgeuzia uso kwenye upepo, anampuliza usoni, anamsugua nyayo kwa kidole gumba. Sijui ilichukua muda gani. Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia, kilio kirefu, na yule mama akavuta pumzi.

"Moto ya makala mu nyumba yenye kufungwa inauaga bantu," akasema. "Haikuambiaka kama inakuja. Unalala tu."

Ningeweza kuwaeleza wanafunzi wangu wa darasa la sita jambo hilo hilo, na mchoro ubaoni.

Alitusindikiza mpaka maternite. Muuguzi yule yule alimsikiliza mtoto kifua, akamtazama macho na midomo, akatuweka pale mpaka adhuhuri, na kila mara alirudi kumwangalia. Mwishoni akasema mtoto hana neno, atanyonya vizuri. Kisha akamwinua kidevu kidogo, akaiona ile shingo. Akatutazama sisi, akairudia shingo.

"Huyu mutoto ameoshwa lini?"

Mke wangu ndiye aliyejibu, akitazama chini. "Ulisema kitovu isilowe maji."

"Nilisema kitovu. Sikusema mutoto."

Hakutucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. Mimi ndiye ninayewaambia watoto wa watu kila siku wasikilize sentensi mpaka mwisho.

Alasiri ile jirani alituita uani kwake. Alikuwa ameanika basini ya maji juani tangu mchana. Alitandika mkeka, akaketi na kunyoosha miguu mbele yake, akamlaza mtoto juu ya miguu ile, kichwa kikielekea vidole vya miguu, uso juu. Akachovya kiwiko majini. Kipimo chake kilikuwa hicho tu. Akachota kwa kiganja, akamwagia tumboni.

Mtoto alishtuka, akatanua mikono, kisha akatulia na kutazama mbingu. Sisi tulisimama kila mmoja upande wake, tumeinama, mikono mbele, tayari kumdaka.

"Mukae," akasema. "Mutoto haiko chumvi. Hatayeyuka."

Tukakaa. Alimpaka sabuni kidogo, akapitisha kidole mkunjo kwa mkunjo, na mabaki ya maziwa yakatoka. Alipofika kifuani akaacha. Akaushika mkono wa mke wangu, akauweka juu ya mtoto. "Sasa weye." Baadaye akanigeukia. "Na weye, mwalimu."

"Mikono yangu ni migumu, mama."

"Njoo tu."

Nilimsafisha mguu mmoja. Ulikuwa unateleza kweli, lakini haukuniponyoka.

Ndipo yule mama alipotuambia, macho yake yakiwa kwa mtoto, kwamba mtoto wake wa kwanza yeye hakumgusa kwa siku tatu. Mama mkwe wake ndiye aliyemuosha. "Minye nilikuwa naangalia ukuta," akasema.

"Juu ya nini, mama?" mke wangu akauliza.

"Niliwaza nitamuvunja."

Mke wangu akaanza kulia polepole, mikono bado ina sabuni. Akamwambia zile mimba mbili. Hatukuwa tumezisema kwa mtu wa nje. Alieleza yote, hata ile ya miezi mitano, na mahali tulipozika. Yule mama aliendelea kumwagia mtoto maji kwa kiganja, kidogo kidogo, asipate baridi. Mwishoni akasema, "Pole, mwanangu. Nipe taulo."

Kwa siku kadhaa tulimwogesha pale kwake, tukiangaliwa. Kisha tukaanza kwetu, dirisha wazi, kabla jua halijashuka. Mke wangu aliporudi kwenye cherehani yake, kazi hiyo ikawa yangu, kwa kuwa mimi hurudi shuleni mapema. Nilinyoosha miguu mkekani, nje ya mlango, kama nilivyofundishwa. Wanaume waliopita njiani walisimama. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, umekuwa mama?" Nikamwambia asogee, anamzibia mtoto jua.

Nilifanya hivyo kwa miaka. Mwaka huu, siku moja, niliingiza basini chumbani na sabuni yake, nikakunja mikono ya shati. Binti yetu alikuwa amesimama, mrefu kunifika kiunoni, ameshika taulo kifuani.

"Papa, toka," akasema. "Najioshaga minye mwenyewe."

Nikatoka, nikaufunga mlango.