Kikohozi Ilipoacha Kutoa Moshi

Mama Povu, dobi wa mtaa wa bandarini, alikuwa na ulimi, jamani! Miaka nenda miaka rudi masizi ya meli yalimwangukia kwenye mashuka ya watu, naye akisimama roshani anayatukana mabomba ya moshi bila kupumzika. Meli moja tu aliisamehe. Hiyo ilitoa moshi mweusi kwa mafungu, puh, puh, ndiyo maana akaiita Kikohozi. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa injini humo. Macho ya mama hayakuweza kusoma jina la meli kwa mbali, lakini moshi ule akiuona tu, anainjika sufuria.

Siku moja mwana akamwambia, "Mama, kuna sheria mpya. Kabla ya kukaribia bandari tunabadilisha mafuta, tunatumia yale safi. Ukitoa moshi mweusi, faini."

"Afadhali! Mashuka yangu yatapumua." Kisha akaanza wimbo wake wa kila safari: aache bahari, arudi nyumbani. Mwana akaondoka mapema.

Tangu hapo mashuka yakakauka meupe pe. Meli zikaingia na kutoka, zote zikafanana. Akipiga simu, mwana hujibu, "Bado tuko mbali." Upweke ukamkaba, hata masizi akayatamani, yeye aliyeyalaani!

Asubuhi moja wakala wa meli akamletea furushi la nguo za mabaharia. "Zinatakiwa jioni, mama. Meli inaondoka leo."

Akazimwaga sakafuni. Loo! Ovaroli yenye kiraka gotini, kitambaa cha pazia lake la zamani, mshono wa mkono wake. Akapiga simu moyo ukimdunda kwa furaha.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Bado mbali, mama. Labda mwezi ujao."

Honi ya bandari ikalia. Mama aliisikia dirishani, akaisikia na simuni. Kumbe moshi ndio uliokuwa ukimchongea mtoto! Angeweza kukimbilia getini, lakini amwambie nini mtu anayemkwepa?

"Haya, baba. Jitunze."

Ovaroli akaifua kwa mkono. Kiraka kilikuwa kimeanza kufumuka pembeni, akakishona upya.

Jioni zikatoka meli mbili, moshi hakuna. Hakujua ipi ni yake, akazipungia mkono zote mbili.